Mpaka Mgeni Aseme Rudi

Taulo la wageni lilikuwa limelowa.

Aikaeli alilitoa kabatini asubuhi moja ya Novemba, akalikuta zito, kama limetoka mgongoni mwa mtu sasa hivi. Lilikuwa taulo jeupe, nene, na tangu alinunue hakuna ngozi iliyoligusa, yake ikiwemo. Alikuwa nalo kwa sababu ileile iliyomfanya awe na vikombe vya wageni na shuka za wageni: mwanamke aliyelelewa Machame na mama kama wake hawezi kuishi kwenye nyumba isiyomsubiri mtu, hata kama nyumba yenyewe ni flati ya ghorofa ya tatu huko Ilford, ambako mtu wa mwisho kuja bila miadi alikuwa msoma mita wa gesi.

Alilinusa. Maua ya mchungwa, na nyuma yake chokaa mbichi, harufu ya ukuta wa zamani usiopigwa jua. Aliijua harufu hiyo. Wiki iliyopita alikuwa amelala ndani yake.

Chuo alichokuwa akifanyia kazi London, ofisi ya ratiba, kilimtuma Granada, kusini mwa Hispania, akahudhurie mafunzo ya wiki moja, kisha kikamtaka alete uthibitisho kwamba alikuwa huko ambako chenyewe kilimpeleka. Hakulalamika. Asubuhi alikaa darasani. Mchana aliuzunguka mji ule wa wanafunzi, wenye chuo kikuu cha tangu enzi za wafalme; akaingia kwenye madrasa ya zamani iliyotazamana na kanisa kubwa, akasimama mbele ya mihrabu iliyochongwa kama kitambaa cha lesi, yeye Mlutheri, akajikuta ameinamisha kichwa. Jioni aliketi kwenye ukuta wa mtaa wa juu, akaitazama ngome nyekundu ya masultani wa kale ng'ambo ya bonde ikibadilika rangi, huku vijana wakipiga magitaa vibaya kwa moyo wote.

Jumamosi alipanda basi hadi milimani, kwenye vijiji vyeupe vya Alpujarra. Huko ndiko moyo ulikomshika. Kando ya kila njia maji yalikuwa yakikimbia mferejini, yametoka kwenye theluji juu, yakagawiwa shamba kwa shamba kwa utaratibu ulioachwa na Waarabu mamia ya miaka nyuma. Aikaeli alichuchumaa akatia mkono. Ulikuwa ni mfongo, mfereji wa wazee wa Kichagga, uleule aliokuwa akivuka kwenda shule. Alilia kidogo, akamnunulia mama yake asali.

Nyumba aliyopanga ilikuwa mtaa ule wa juu, Albaicín. Mwenye nyumba hakuwahi kumwona. Alikuwa ujumbe kwenye simu na ufunguo ndani ya kisanduku. Uani palikuwa na mchungwa, na chini yake kijimlango cha nondo kilichoteremka kwenye birika la kale la maji. Usiku aliyasikia maji yakidondoka humo, taratibu, kama mtu anayehesabu.

Siku ya kuondoka alirudisha ufunguo kwenye kisanduku, akachukua begi, akashindwa kutoka. Kula kwa watu, kulala kwa watu, halafu kuondoka kimya kama mwizi? Mama yake angemchapa. Kwa hiyo alisimama uani, peke yake, akauambia mchungwa na kuta na kile kijimlango, kwa Kiswahili, kama alivyofunzwa:

"Haya, asanteni sana kwa kunitunza. Na nyinyi mkifika London, karibuni kwangu. Ilford, flati namba tisa. Karibuni sana."

Maji ya birikani yalinyamaza. Aliona ni mambo ya mabomba.

Sasa alikuwa ameshika taulo, na ndani ya ukuta wa chumba cha wageni kitu kilikuwa kinadondoka.

Alifanya anachofanya kila mpangaji mwenye akili: aliripoti kwa chama cha nyumba kilichompangisha. Chama kilimshukuru kwa subira yake kabla hajawa nayo, kikamtuma ofisa aitwaye Harrison, mwenye tableti na viatu vya plastiki vya kufunika viatu. Harrison alipima kuta za sebule, akapima jiko, akaenda chumba cha wageni huku Aikaeli akichemsha chai, akakaa huko muda. Aliporudi alitoa hukumu ambayo maofisa wa London huzaliwa nayo: unyevu ule ni wa mpangaji mwenyewe, apike akiwa amefunika sufuria na afungue madirisha.

"Na yule mzee chumbani," akaongeza, akigusa tableti, "ameandikishwa kwenye mkataba?"

"Mzee gani?"

"Yule aliyekaa kitandani. Niligonga, akaniashiria kwa mkono niingie. Mtu mstaarabu sana." Harrison aliinua macho. "Nauliza tu kwa sababu mkazi asiyeandikishwa ni kosa. Kama ni mgeni, hakuna shida, ila asizidi wiki chache."

Aikaeli alikwenda chumbani na kijiko mkononi. Kitandani hapakuwa na mtu. Shuka za wageni zilikuwa zimetandikwa kuliko alivyowahi kuzitandika yeye, na katikati palikuwa na bonde dogo, bado likijaa maji.

Tangu siku hiyo hakuingia tena chumba kile. Hakuzuiwa na kufuli wala nguvu. Alizuiwa na aibu, ile ya kuingia mahali penye mtu mzima aliyepumzika. Kisha bafu likawa hivyohivyo: alikuta mlango umerudishwa, mvuke wa maua ya machungwa ukitoka chini yake, akasubiri nje ya bafu lake mwenyewe kwa adabu, mguu huu na huu. Kisha chumba chake cha kulala, kisha sebule. Jioni moja, saa kumi, giza la London likiwa limeshaingia, alijikuta amesimama mbele ya mlango wa sebule yake na kikombe cha chai, akisema kwa sauti ndogo, "Hodi." Ndani, kiti kilisogea.

Alilala jikoni, kwenye godoro la sponji, miguu ikigusa jokofu.

Kazini hakuna aliyejua. Kama kuna mji unaofaa mtu kufungwa na jini ni London baada ya korona: aliomba kufanyia kazi nyumbani, wakampa siku hiyohiyo, wakamsifu. Alihudhuria vikao vyote. Malalamiko pekee yalitoka kwa mkuu wa idara, aliyemwomba afunge bomba nyuma yake.

Kilichomtesa ni tarehe. Alikuwa na tiketi ya Kilimanjaro kabla ya Krismasi. Tangu baba yake azikwe, miaka mingi na viza nyingi zilizopita, hakuwa amemwona mama yake ila kwenye kioo cha simu. Kila jioni mama alipiga.

"Mbuzi nimeshamchagua," alisema mama. "Ni yule mweusi. Asubuhi nilimwambia kabisa, wewe unamngoja Aika."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Sasa nimfiche? Uje, mwanangu. Magoti haya hayaningojei."

"Nakuja, mama." Na alipokata simu aliona kwamba yale matone ukutani yalikuwa yamenyamaza muda wote wa mazungumzo, na sasa ndiyo kwanza yanaanza tena.

Siku iliyofuata maziwa yaliisha. Alivaa koti, akatoka, akafunga mlango, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akapita mlango wa jirani uliokuwa ukinuka bizari, akafika chini, akausukuma mlango wa barabarani akitegemea upepo wa Novemba usoni, na mguu wake ukakanyaga zulia lake mwenyewe, kwenye korido yake mwenyewe, chini ya taa ambayo alikuwa ameizima mwenyewe. Alitoka tena. Safari hii aliacha mlango wazi nyuma yake na kushuka kinyumenyume, asiuache macho, ngazi kwa ngazi, mlango ukipungua na kupungua huko juu mpaka ukawa mdogo kama stempu, na kisigino chake kilipogusa lami ya barabarani, au kile alichodhani ni lami, mgongo wake uligonga jokofu la jikoni na mbele yake ule mlango ulikuwa ukijifunga, polepole, kwa upole wa mtu anayemfungia mwenzake baridi isimpige.

Ndipo alipompigia jirani wa chini.

Seema alikuwa Mhindi wa Kisumu, mfamasia mstaafu, mama yake Ajay. Alipanda na maziwa, akasikiliza yote akiwa amesimama, akavuta pumzi kwa pua.

"Nipe mkono," alisema. "Mimi natoka na kuingia kwa hii nyumba kila siku. Tutatoka pamoja."

"Mama Ajay, haitawezekana."

"Wewe nipe mkono, wacha maneno."

Walishuka wameshikana kama wanafunzi wa chekechea. Seema alifika barabarani, akageuka kusema kitu, akakuta ameshika glovu tupu. Aliporudi juu akihema, Aikaeli alikuwa koridoni, mkono mmoja uchi.

Seema alimvisha glovu yake. "Haya. Hii si kazi ya watu wa chama cha nyumba," alinong'ona. "Wacha nipigie Msabaha."

Mzee Msabaha alitoka Pangani, kwenye ukoo wa watu waliotoa majini kwa vizazi, na mwenyewe alikuwa askari wa maegesho Walthamstow. Alikuja Jumamosi mchana akiwa bado na koti la kazi lenye mistari ya kung'aa. Seema alidai kwamba mtu aliyeapizwa na madereva wa Walthamstow kwa miaka kumi hahitaji hirizi. Msabaha alisimama nje ya flati, akavua kofia.

"Hodi," alisema.

"Karibu," sauti ya kiume ikajibu kutoka sebuleni.

Aikaeli, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa ajibu yeye, alikifunga. Lile neno lilikuwa limetoka na lafudhi ya Machame. Lafudhi yake.

Msabaha alimwangalia Aikaeli kwa huruma, akaingia sebuleni na chetezo, akarudisha mlango. Wanawake walibaki koridoni wakisikiliza Kiarabu kikinong'onwa, kikijibiwa na kitu kama maji yanayopita chini ya sakafu. Moshi wa ubani ukatoka chini ya mlango, kengele ya moto ikalia, Seema akaipepea kwa kitambaa cha vyombo huku akiitukana kwa Kijaluo mpaka ikakoma. Baada ya hapo palikuwa na kimya kirefu kiasi kwamba Aikaeli alisikia saa ya jikoni kwa Mama Ajay, ghorofa ya chini.

Msabaha alipotoka alikaa juu ya rafu ya viatu.

"Nani kamwita?"

"Mimi sijamwita mtu, mzee."

"Mwanangu, mle ndani nimesomewa maneno yako. Mpaka namba ya flati."

Aikaeli alimweleza: ua, mchungwa, adabu. Seema alijipiga paji la uso. Msabaha alitikisa kichwa polepole.

"Aliyevamia namtoa. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Huyu kakaribishwa. Nimtoe kwa kosa lipi?" Alipangusa jasho. "Na hana ubaya, masikini. Kiarabu chake cha kale mno, changu cha chuoni. Nusu kwa nusu tunapotezana. Anasema miaka mingi sana watu wanaingia nyumba ile na kutoka, hakuna hata mmoja aliyemuaga. Wewe ndiye wa kwanza. Kakupenda."

"Lakini kwa nini mimi nisitoke?"

"Mwenyeji ataendaje zake na mgeni yuko ndani? Kwao ni hivyo, na kwetu ni hivyo. Anakushikilia kwenye adabu yako mwenyewe."

"Basi aondoke," Seema alisema. "Si amekaa ya kutosha?"

"Nimemuuliza. Kasema yeye si paka, atoke mwenyewe mlango ukiachwa wazi." Msabaha alishusha sauti. "Anangoja kusindikizwa."

Hakuna aliyecheka. Aikaeli alikumbuka wageni wote aliowaaga tangu aje Uingereza, mlangoni, mkono kwenye kitasa, bila hata kuvaa viatu.

"Mpeleke njia ya kwao," Msabaha alisema. "Uwanja wa ndege. Mzungumze njiani, usimsindikize kama mzigo. Na sikia sana hili, mwanangu: usigeuke mpaka yeye mwenyewe aseme rudi. Hata kama ni mita mia, hata kama ni mpaka usiku. Ukigeuka kabla hajasema, umemrudisha kwa mkono wako, na sidhani kama ataomba tena."

Walitoka kesho yake, yeye na mgeni, baada ya ibada aliyoifuata kwenye simu. Aikaeli alisimama mbele ya sebule, akasema, "Mzee, nikutoe kidogo," na mlango wa flati ukafunguka, na ngazi zilikuwa ngazi, na chini kabisa upepo wa Ilford ulimpiga usoni, wenye moshi wa mabasi na mahindi ya kuchoma, akaunywa kama maji. Hakugeuka. Kulia kwake hapakuwa na mtu, lakini watu kwenye barabara ya maduka walimpisha upana wa watu wawili.

Kwenye treni alizungumza. Mwanamke anayeongea peke yake ndani ya treni ya London haonekani na mtu. Alikuwa na vidude masikioni, na hilo lilitosha. Alimsimulia juu ya Machame, juu ya mfongo na zamu za maji, nani aliwahi kumpiga nani jembe kwa ajili ya zamu. Kila kituo kilipotangazwa alinyamaza kidogo, ampe nafasi ya kusema. Stratford, kimya. Whitechapel walibadilisha treni, akasubiri jukwaani akitazama mbele kama askari wa gwaride, kimya. Paddington. Baada ya hapo nyumba zilianza kuwa fupi na mbingu ikawa kubwa na ya kijivu, na yeye alikuwa ameishiwa na ukoo wake wote na wa jirani, koo limekauka, na wazo lilikuwa limemwingia kwamba mgeni huyu asiyejua saa wala mwisho wa wiki huenda asiseme kabisa, kwamba watapita kiwanjani, wapite bahari, yeye bila viza na mwenzake bila mwili, wakitembea kuelekea kwenye birika lililo chini ya mchungwa, na kwamba pale kwenye kijimlango cha nondo atanyoosha mkono ampishe mwenyeji wake atangulie kushuka.

Uwanjani walifika mpaka penye vizuizi vya kioo. Abiria tu, kilisema kibao, kwa lugha nyingi. Zaidi ya hapo hakuwa na tiketi. Kulikuwa na mashine inayotaka karatasi ya kila kiumbe, na ofisa mwenye tai akiisaidia kutaka. Aikaeli alisimama. Nyuma yake foleni ilianza kuguna.

"Mama, unasafiri?" ofisa aliuliza.

"Hapana. Ninasindikiza."

Taa ya mashine ikawaka kijani. Vioo vikafunguka, vikakaa wazi kwa muda wa mtu mmoja asiye na haraka, vikafungwa. Ofisa aliitazama mashine kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na mwenzake wa kazi.

Kutoka ng'ambo ya kioo, sikioni kwake kabisa, sauti yenye lafudhi ya nyumbani ilisema, "Imetosha, Aika. Rudi."

Aligeuka. Alitembea, kisha akakimbia, mwanamke wa miaka arobaini na saba na mkoba wake, akashuka ngazi za umeme akiruka, akaingia ndani ya treni milango ikilia. Simu ikaita. Ni Seema.

"Niko kwako na Msabaha. Kukavu, mama. Kukavu kabisa. Hodi tumepiga kila chumba, hakuna anayejibu."

Aikaeli alicheka mpaka abiria wakamtazama. Kisha alimpigia mama yake, ijapokuwa haikuwa saa yao ya kupigiana.

"Mama, nakuja. Sasa ni kweli. Nakuja."

"Kwani kabla ilikuwa uongo?" mama alisema. "Mbuzi amenenepa. Njoo."

Akakata simu, akaegemeza kichwa kwenye dirisha, akafumba macho. Treni ilijaa kituo baada ya kituo. Watu walisimama wameshika vyuma, wakibanana kwapa kwa uso, na ilimchukua muda kujiuliza kwa nini hakuna aliyemwomba auondoe mkoba kwenye kiti kilicho kando yake.

"Haifai urudi peke yako," sauti ilisema, kwa upole. "Na mimi nikusindikize kidogo."

Hakufumbua macho. Alijua linalosemwa hapo. Kila mtu kwao analijua. "Imetosha, mzee," alinong'ona. "Asante. Rudi."

"Aa, bado mapema," mgeni alijibu, kama anavyojibu mtu yeyote mwenye malezi. "Nikufikishe kwa mama."

Treni iliingia chini ya ardhi. Aikaeli alitafuta katika yote aliyofunzwa namna ya kumkatalia mtu anayekufikisha kwenu. Kisha akauchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pembeni, akauweka mapajani, mgeni akae vizuri.